Kisu cha Ghali Kimeharibu Jumuiya Yetu

Sixtus Kapinga,
Jumuiya ya Mtakatifu Izidori Mkulima,
Kigango cha mlimani, njia ya Matiri,
Mbinga.

Kwa Baba Paroko,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KISU

Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Najua utaitikia peke yako hapo ofisini, kwa hiyo na mimi huku nimeitikia kwa niaba yako ili tusipoteze muda. Kwa umri wewe ni sawa na mdogo wangu wa mwisho, ila kwa daraja ni Baba, na ninakuandikia kama mtoto aliyeonewa.

Jumapili hii baada ya misa ya kwanza jumuiya yetu itakaa kuamua kama mimi niendelee kugawa nyama, au kisu apewe Kilian, shemeji yake Mwenyekiti, kabla Baba Askofu hajaja kutoa kipaimara. Wewe ni mgeni huku kwetu, hivyo naomba nikueleze. Kugawa nyama ya jumuiya si kazi ya kila anayejua kuchinja. Baba yangu aligawa, na babu yangu aligawa tangu wakati wa mapadre wenye ndevu. Mimi sina cheo kingine chini ya jua. Kwaya walinikataa kwa sababu ya sauti, na kamati ya ujenzi walinikataa kwa sababu niliuliza saruji imekwenda wapi. Nimebaki na kisu tu. Sasa nasikia nitanyang'anywa kwa kosa ambalo si langu. Ni la kisu chenyewe, na nitathibitisha.

Kisu chetu cha zamani, kilichofuliwa kwa springi ya gari, kilikatika Pasaka kwenye nyonga ya nguruwe. Mwalimu Clemence, katibu wetu, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, akatumwa Mbinga mjini kutafuta kingine. Akakuta viwili vimelala mezani kama pacha. Urefu uleule, mpini wa mti uleule, misumari mitatu ileile ya njano. Kimoja elfu nane, kingine elfu arobaini na tano. Cha ghali kilikuwa kwenye ala ya ngozi, cha rahisi kimefungwa gazeti. Mwalimu alipouliza tofauti nyingine ni ipi, mwenye duka akamjibu kwamba ataiona akishanunua.

Akarudi bila kisu ili tujadili, na tulijadili, Baba. Mzee Nicholaus, Mwenyekiti wetu, alisema nguruwe akishakufa hajui bei ya kisu. Mwalimu Clemence alisema rahisi ghali, na kwamba kile cha elfu nane kitapinda kabla ya Noeli. Wengine walisema cha ghali ni majivuno, wengine walisema cha rahisi ni kumdharau somo wetu Mtakatifu Izidori. Na sisi Wamatengo tukishindwa kukubaliana hatupigi kura, tunachanga mara mbili. Tukanunua vyote. Ikaamuliwa cha ghali kitumike siku ya somo, cha rahisi kiwe akiba, na vyote vikae kwangu.

Siku ya somo nikakifunga kiunoni kikiwa kwenye ala yake, nikachinja, nikagawa. Hapo ndipo balaa lilipoanza, na ninalipanga kwa namba kwa sababu Mwalimu Clemence anasema malalamiko yasiyo na namba ni umbea.

1. Kisu hiki hakitelezi. Baba, huko nyuma mafungu yakipangwa juu ya majani ya migomba, fungu la Mwenyekiti lilikuwa linatoka nono, na fungu la Bibi Tadea, mjane wa kule bondeni, lilikuwa linatoka goti, ukwato na kipande cha shingo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nilikuwa nasema tu kwamba kisu kimeteleza, watu wanasema pole, maisha yanaendelea. Kisu cha springi kilibeba lawama zetu zote miaka mingi na hakikuwahi kulalamika. Lakini siku ya somo, nilipochomoa hiki kwenye ala, uwanja mzima uligeuka kunitazama. Kisu cha elfu arobaini na tano! Kikiteleza, nani ataamini? Watasema si kisu, ni Sixtus. Nilikata huku jasho linanitoka, na baridi yetu ya Mei unaijua. Mafungu yakatoka sawasawa yote, na hata kwa mizani usingeyatofautisha.

2. Kimeshusha uongozi. Mwenyekiti alifunua beseni lake akakuta mbavu mbili, kipande cha paja na mfupa, kama mtu wa kawaida. Alizunguka nalo kwa njia ya mashamba ya mahindi ili watu wasimpe pole. Sasa fikiria, Baba. Mtu aache ngolo zake, mashimo yetu ya kulimia mlimani, hazijachimbwa, aende vikao, asuluhishe ugomvi wa mipaka, aombe sala ya kufunga ambayo haifungiki, halafu fungu lake lilingane na la mtu aliyekaa kwake akiota moto? Nani atakubali uenyekiti? Bila mwenyekiti hakuna kikao, bila kikao hatutajua nani anaumwa na nani hajaungama, na bila hayo kigango kitageuka soko la maharage. Yote kwa sababu ya chuma kilichonolewa kupita kiasi.

3. Kimemharibu Bibi Tadea. Huyu mama alikuwa mtulivu sana. Alikuwa anachemsha goti lake siku mbili, anakunywa mchuzi, anamshukuru Mungu, na meno yake machache yalikuwa hayasumbuliwi. Siku ya somo akapata mbavu na paja. Nilimwona amesimama na beseni, anageuza nyama kwa kidole, anaangalia beseni la jirani, anarudi kwenye lake. Alidhani amechukua la mtu. Mimi mwenyewe nilimwambia ni lake, nikaona macho yake, na sikupenda nilivyojisikia. Tangu siku hiyo hakai tena nyuma kwenye sala za jumuiya, anakaa mbele. Na anauliza maswali! Wiki iliyopita ameuliza kwa nini wanawake wanabeba maji ya kuchinjia kutoka bondeni, halafu maini yanaonjwa na wanaume chinjioni kabla maji hayajachemka. Mwalimu Clemence alikohoa. Kama kipande kimoja cha paja kimeleta swali hili, Noeli ataulizaje?

4. Maini yenyewe. Sisemi zaidi.

5. Linakuhusu wewe, Baba, na ninaliandika kwa heshima na huzuni. Mtangulizi wako alikuwa anapelekewa mguu mzima wa nyuma, na akiubariki tulikuwa tunasikia baraka mpaka kijiji cha Mapera. Wewe umepelekewa nini siku ya somo? Mbavu mbili, kipande cha paja na mfupa. Ulitushukuru kwa unyenyekevu, lakini mahubiri ya Jumapili iliyofuata yalikuwa marefu, na sisi tulielewa. Sasa anakuja Baba Askofu. Je, na yeye apewe mbavu mbili kama Kilian? Mimi si mtu wa kusoma sana, lakini katekisimu niliishika. Hata mbinguni kuna ngazi. Kuna malaika, kuna malaika wakuu, kuna makerubi na maserafi, na sijasikia popote kwamba wanagawiwa sawa. Kama Mungu mwenyewe ameona afadhali kuwe na mkubwa na mdogo, kisu cha duka la Mbinga mjini ni nani hata kitusawazishe? Naanza kuogopa kwamba kina uzushi ndani yake. Ukipata nafasi, kitazame.

6. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Baba, nimekuwa na kisu kikali kuliko vyote wilayani, na fungu langu lilikuwa mbavu mbili, kipande cha paja na mfupa. Wahenga wamefanywa waongo mchana kweupe.

7. La mwisho ndilo linaloniuma. Kwa kuwa Mwenyekiti hawezi kusimama mbele za watu na kusema amechukia kwa sababu mjane amekula vizuri, amesema mimi nimezeeka, mkono umekuwa mzito, na Kilian ana damu changa. Nimezeeka! Nimegawa nguruwe wa jumuiya hii tangu Kilian anabebwa mgongoni, anajambia mbeleko ya mama yake wakati wa misa. Nikinyang'anywa kisu, Baba, nitakuwa nani? Nikipita njiani watasema nini, yule mzee mwenye kahawa miti michache? Siwezi kulala. Usiku nawaza jinsi Kilian atakavyoshika mpini ule.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Kwanza, kisu cha ghali kirudishwe dukani kabla ya Jumapili. Ikishindikana, kibarikiwe kiwe cha kukatia keki za jubilei, kwa maana keki haina goti. Pili, nipewe ruhusa ya kutumia kile cha elfu nane, ambacho kwa bei yake hakuna mtu atakayeshangaa kikiteleza. Ndani ya nguruwe mmoja tu utaona amani imerudi. Mwenyekiti atapata heshima yake, wewe mguu wako, Askofu kiuno, na Bibi Tadea atarudi kwenye mchuzi wake na kukaa nyuma kama zamani. Tatu, uwaambie Jumapili kwamba mkono wa Sixtus hauna kosa. Kosa ni la kisu, na Mwalimu Clemence aliyekisifia aombe msamaha kwa maandishi, kwa namba.

Nakuombea afya njema na koo la mahubiri. Nisalimie masista wote, wa zahanati na wa shule ya awali, mpishi wa parokia ambaye najua sufuria yake imelia, na katekista, ingawa ndiye mbeba barua hii na nimeshamsalimia mwenyewe. Msalimie pia mbwa wa parokia. Kwenye ule mguu wa zamani na yeye alikuwa na sehemu yake.

Ni mimi mwanao mtiifu katika Kristo na katika nyama,

Sixtus Kapinga
Mgawaji (hadi Jumapili)

Nyongeza baada ya sahihi:

Baba, mke wangu Matilda ndiye anayenikagulia barua, kwa sababu yeye alifundishwa na masista na mimi nilifundishwa na ng'ombe. Ameisoma hii mpaka namba ya tatu, akakaa chini. Nikadhani amesikitika. Kumbe anacheka, na amecheka mpaka jirani kauliza kuna nini.

Akaniambia, "Sixtus, kile cha ghali kiko jikoni kwangu tangu siku kilipoletwa. Ulichokwenda nacho kwenye somo ni cha elfu nane."

Baba, amekitoa. Kimekaa kwenye kapu la vyombo, kina magamba ya mbasa, wale samaki wa Mbamba Bay anaonunua siku ya gulio. Anasema kinapasua mbasa vizuri ajabu, na hakuona sababu ya kuwapa wanaume kisu kizuri wakakigongeshe kwenye mifupa. Kile cha gazeti akakivika ala ya ngozi, akakitundika ukutani, na mimi nikakifunga kiunoni nikajiona mkubwa. Karibu na mpini wa hiki cha jikoni kuna muhuri mdogo wa kiwanda. Kile nilichotumia hakina chochote. Sikuwahi kutazama, nilikuwa natazama ala.

Nimekaa hapa mlangoni na visu viwili magotini, nafikiri. Kile cha elfu nane ndicho kisu cha kuteleza nilichokuwa nakuomba. Nilikuwa nacho mkononi siku ile, na hakikuteleza hata mara moja. Hakikuteleza kwa sababu sikukitelezesha. Na kile cha springi, Mungu akirehemu chuma chake, naona nacho hakikuwahi kuteleza.

Basi naomba ufute namba ya kwanza hadi ya saba pamoja na maombi yote, ubakize salamu. Barua hii ningeichana, lakini katekista ameshafika, ameiona, na karatasi nyingine sina. Jumapili nitakuja kikaoni. Wakisema mkono wangu ni mzito nitawapa visu vyote viwili wachague, na Kilian naye ajaribu. Wakiuliza kwa nini Bibi Tadea alipata kama Mwenyekiti, sina tena cha kusingizia.

Nimejaribu kusikitika, Baba, imeshindikana. Ila nieleze jambo moja, wewe uliyesoma. Kisu mtu anakirudisha dukani. Mkono ukishajua kukata sawa, unarudishwa kwa nani?