Nalalamikia Kuletewa Bakuli Mezani

Fuke Yasumasa,
Nyumba ya mwisho, kando ya mfereji,
Mtaa wa Kamino, Sakaide,
Kagawa.

Kwa Ndugu Ujike Haruyoshi,
Mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtaa.

YAH: KUHUDUMIWA BILA RIDHAA YANGU KATIKA DUKA LA UDON LA MZEE GODA

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu. Natumaini mgongo wako umepoa tangu siku ile tulipofyeka majani ya mferejini, ingawa wengine tuliona kwamba wewe ulifyeka zaidi kwa mdomo. Hilo si lalamiko. Lalamiko linakuja.

Mimi ni mzaliwa wa mtaa huu, fundi wa kuezeka vigae niliyestaafu, na hakuna paa lenu ambalo sijalipanda. Si mtu wa kulalamika ovyo. Ofisi yako haijawahi kupata barua yangu, ila ile ya spika ya matangazo, na ile ya mbwa, na ile nyingine ya spika. Basi ukiona hii imekufikia ujue maji yamezidi unga.

Duka la Mzee Goda unalijua, nawe unakula pale kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini. Utaratibu wake tumekua nao. Unaingia, unachukua bakuli, unasema mafungu mangapi, Mzee Goda anakutilia tambi nene za udon bila kukutazama usoni. Unazitia kwenye kikapu cha waya, unazichovya kwenye maji yanayochemka, unakung'uta. Unachagua kipande cha kukaanga, unalipa, unajifungulia bomba la mchuzi, unakwangua tangawizi yako, unakaa, unavuta tambi kwa kelele, unarudisha bakuli, unakwenda zako. Majani ya vitunguu yakiisha, unachukua kisu na kwenda kuyakata mwenyewe kwenye shamba la nyuma, na ukirudi nayo huambiwi hata asante. Huo ndio ustaarabu. Hakuna anayemsumbua mwenzake.

Sasa, tangu wakati wa kupandikiza mpunga, dukani ameingia Akiho, mke wa mtoto wa Mzee Goda. Simchukii. Ni mtoto wa watu, ana adabu, na kazi haimshindi. Lakini ametoka Kanazawa, na kule alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wageni, mahali ambapo mgeni hata viatu hupangiwa vitazame mlangoni. Tabia hiyo amehama nayo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliniondolea kikapu mkononi. Nilikuwa nimesimama penye maji ya moto, nakung'uta tambi zangu kama nilivyozikung'uta tangu mumewe hajazaliwa. Akaja, akashika mpini, akasema kwa sauti ya chini, "Babu, kaa tu, nitakuletea." Na tabasamu juu. Mbele ya watu! Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Kuna watakaokwambia kwamba siku moja kabla ya hapo nilidondosha bakuli. Ndugu Mwenyekiti, sikudondosha bakuli. Bakuli liliondoka. Lilikuwa na mafuta ukingoni, na sakafu ile ina mteremko tangu enzi za baba yake Mzee Goda. Mchuzi uliomwagika ulikuwa kidogo, na ule ulioingia kwenye kiatu cha askari wa kituo chetu naamini umeshakauka.

2. Tambi zinapoteza kiuno. Wewe ni mtu wa Sanuki, Kagawa yetu ya kale, kama mimi, sina haja ya kukufundisha. Udon haitafunwi, inapita. Ikitoka kwenye maji ya moto ina kiuno chake: ukiivuta inakataa kidogo, halafu inakubali. Lakini ikipandishwa kwenye sinia, bakuli likafutwa ukingo, likawekewa kitambaa chini, vitunguu vikapangwa kama maua, ikifika mezani imeshachoka kwa mapokezi. Nakiri kwamba bado ni tamu. Utamu si hoja hapa.

3. Nimekosa kazi. Mtu anayehudumiwa hana la kufanya na mikono yake. Nakaa dirishani nimeiweka magotini kama bwana harusi anayengoja kuitwa. Watu wakaanza kunisalimu. Pale dukani tangu lini tunasalimiana? Sasa wananiinamia mmoja mmoja, wananiuliza nimelalaje. Tarishi wa posta aliniuliza habari ya miguu. Miguu yangu imefanya nini?

4. Bi. Chizuko muuza tofu, jirani yangu, alipoona naletewa bakuli alikwenda nyumbani akafunga machungwa kwenye kitambaa, akaja kusimama mlangoni kwangu, na kunisemesha kwa sauti ile tunayotumia wodini. Aliniambia nikihitaji chochote nigonge ukuta. Nikamjibu sihitaji kitu. Akatikisa kichwa kwa huruma na kusema wote ndivyo wanavyosema. Machungwa nimeyala, lakini kwa hasira.

5. Hili ndilo hasa lililonitoa usingizini. Bi. Chizuko ni mtu mwema, ila ulimi wake hauna kifuniko. Habari ikavuka daraja la bahari, ikafika Hiroshima kwa mwanangu Norihisa. Tangu mama yake afariki, Norihisa anataka nikaishi katika nyumba ya kutunzia wazee iliyo karibu na kwake. Inasemekana ina lifti. Ina bustani, na watu wa kukusukuma kuizunguka. Tulivutana sana, mwisho akanipa neno lake: "Baba, maadamu unajihudumia mwenyewe kwa Mzee Goda, sikugusi. Siku ukianza kuletewa, nakuja na gari." Nami nikakubali, maana niliona ni sharti la mchezo. Mimi na kuletewa, wapi na wapi?

Sasa unaona jambo lilivyo. Akiho anadhani amebeba bakuli. Amenibeba mimi! Kila akipita na sinia lile kuja mezani kwangu, ananisogeza kuelekea Hiroshima. Nimeulizia kule wanakulaje udon. Wanapika hadi zilegee, kisha wanazikata kwa mkasi zisije zikamkwama mtu. Kwa mkasi, Ndugu Mwenyekiti.

Nitakwambia waziwazi kwa kuwa tumekua pamoja: naogopa. Nyumba hii niliiezeka mwenyewe. Mke wangu amelala makaburini, pale kilimani juu ya bwawa, na kila nikitoka kula napita kumwambia mchuzi wa leo ulikuwaje. Nikipelekwa Hiroshima nani atamwambia?

6. Vijiti vya kulia vimebadilishwa. Hivi vipya havitelezi hata kidogo, tambi inashikika bila taabu. Sina la kuongeza juu ya hili ila nataka liandikwe.

Usije ukasema sikupitia ngazi zinazostahili. Nilianza kwa Mzee Goda mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya duka, anakanyaga donge la unga alilolifunika kwa mkeka ili likaze, mikono nyuma, macho ukutani. Nikamweleza yote, kuanzia la kwanza hadi la mkasi. Hakuacha kukanyaga. Aliniuliza jambo moja tu, kama nimeshiba. Nikasema nimeshiba. Akasema, "Basi." Mtu huyo ni bingwa wa kutomjali mteja, na inauma kuona ujuzi kama ule unakufa bila mrithi nyumbani kwake mwenyewe.

Kwa hiyo naiomba Jumuiya ipitishe haya katika mkutano ujao:

Kwanza, iwe marufuku mtu yeyote wa mtaa huu kuletewa chakula alipokaa, dukani au nyumbani. Nasisitiza nyumbani, kwa sababu nimesikia mkeo Bi. Sawako hukuletea chai hadi mbele ya televisheni, na kiongozi huonyesha njia.

Ikiwa la kwanza ni gumu kwako, basi wote tuhudumiwe. Tuanze na wewe, kisha yule askari, kisha vijana wa besiboli wanaokula mafungu matatu matatu wakiwa wamesimama. Wote tukiletewa, hakuna aliyeletewa. Norihisa akiuliza, ataambiwa kwamba huo ndio utaratibu mpya wa duka, na hawezi kuja na gari kuuchukua mtaa mzima.

Tatu, Akiho apewe mafunzo ya kutojali, mkufunzi awe baba mkwe wake. Ajifunze kutazama ukuta. Ajifunze kusikia mzee akisema "ah" bila kugeuka. Nimemchunguza, ana akili, ataweza, ila moyo wake ndio utakaochelewa.

Nne, spika ya matangazo bado inakoroma.

Nayaleta haya mbele yako kwa heshima zote na kwa tumbo lililoshiba. Nisalimie Bi. Sawako. Msalimie mama yako mzazi, ambaye kwa miaka yake tisini bado anajifungulia bomba la mchuzi na hakuna anayethubutu kumsogelea. Wasalimie wajumbe wote wa Jumuiya, hata yule wa takataka tusiyeelewana. Bi. Chizuko usimsalimie, atafika kwako kabla ya salamu.

Ni mimi, mkazi mwenzako mwenye uwezo kamili wa kujimiminia mchuzi,

Fuke Yasumasa

Tanbihi: Najua unajiuliza mwandiko huu mzuri nimeupata wapi. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, kalamu haukubaliani nayo. Nilimwomba kinyozi aniandikie, akacheka hadi akashindwa. Mwenye subira na mwenye mwandiko wa kupeleka ofisini mtaa huu ni mmoja tu, naye ni Akiho. Mimi nimesema, yeye ameandika, hajapunguza neno. Alisimama mara moja tu, kwenye namba tano, akajifuta macho, akasema ni mvuke wa jikoni.

Alipomaliza kunisomea akaniambia Norihisa alipiga simu dukani juzi, kuuliza kama baba yake bado anajihudumia. Nikamuuliza alimjibu nini. "Nilimwambia kweli tupu, Babu. Kwamba mtu akikugusia kikapu chako unagomba mpaka duka linanyamaza." Norihisa akacheka, akasema basi baba ni mzima, akakata simu.

Kwa hiyo usiisome barua hii mkutanoni, na likitajwa jina langu sema hujapokea kitu. Naituma tu kwa sababu imeshaandikwa, na mwandiko kama huu ni hasara kuutupa. Tuko hapa dukani tangu asubuhi, na cha mchana bado sijala. Akiho ameinuka na kuniuliza kama nitakwenda kukung'uta mwenyewe au aniletee hapa nilipo. Nimetazama huku na huku. Bi. Chizuko hayupo. Nimemwambia alete.