Wageni Waliokubali Mara ya Kwanza

Nyumba Na. 9,
Kichochoro cha Mitungi,
Mji Mkongwe, Langzhong.

Kwa Meneja Tan,
Kampuni ya Safari za Mawingu Manane,
Chengdu.

Ndugu Meneja,

YAH: WAGENI WENU KULA CHAKULA WALICHOKARIBISHWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii inakukuta umeshakula. Nasema hivyo kwa adabu tu, usije ukafunga safari.

Mimi ni Pu Daizhen, mjane, umri miaka sabini na moja, mstaafu wa kiwanda cha siki. Sijagombana na mtu tangu nizaliwe, isipokuwa wale walionianza. Nakuandikia kwa sababu kampuni yako imenikosanisha na jirani yangu wa mkabala, Bibi Gou Shifen, mjane kama mimi, ambaye tumeishi naye mlango kwa mlango miaka thelathini na minne bila neno baya. Leo ni siku ya kumi na tisa haitikii salamu yangu. Nataka jirani yangu arudi kuwa kama alivyokuwa, na wa kumrudisha ni wewe. Malalamiko nimeyapa namba ili usijesema hukuyaona.

1. Wageni wenu walikubali.

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliopita, mchana, nilikuwa nimekaa kigodani mlangoni kwangu na bakuli la tambi mkononi. Kundi lenu likapita, watu thelathini na wawili kutoka ng'ambo, wametoka kupanda mnara, wanahema. Mbele yao binti Lei, yule kiongozi wenu, na kibendera chake cha njano. Nikafanya anachofanya kila mtu aliyelelewa: "Jamani, mmekula? Karibuni ndani tule!" Hata mtoto wa Langzhong anajua jibu lake. Unasema, "Ahsante mama, tumeshiba, siku nyingine," unapita zako. Bibi Gou nimemkaribisha hivyo kila mchana kwa miaka thelathini na minne, naye kila mchana amenijibu, "Nimeshakula, dada, tumbo limejaa," na hajawahi kuingia kwangu kula hata siku moja. Huo ndio ujirani.

Binti Lei, ambaye nasikia ana shahada ya lugha, akatafsiri. Neno kwa neno! Wageni wakapiga makofi. Wakaingia. Wote. Mzee mmoja mrefu aligonga kichwa kwenye mlango, akauomba mlango radhi, naye akaingia.

2. Wageni wenu walimaliza.

Nilikuwa na tambi za mtu mmoja. Ningefanyaje? Mtu akishaingia ameingia. Nikawasha jiko, nikakaanga mayai, nikakaanga tofu na pilipili, nikapasha wali. Wakala wakamaliza, sahani zikabaki nyeupe. Sasa wewe Meneja ni mtu wa hapahapa, unajua sahani tupu inamwambia nini mwenye nyumba. Inamwambia: mchoyo wee, tuna njaa bado. Nikapika tena. Wakamaliza tena. Nikashusha nyama ya moshi niliyokuwa nimemtundikia mwanangu Chunlin, anayefanya kazi Dongguan, ya kumngojea Mwaka Mpya. Wakaila yote, ila safari hii polepole, wakitazamana.

Baadaye ndipo binti Lei akanieleza kwamba kwao kubakiza chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Ala! Kumbe mimi napika nisiaibike, na wao wanakula nisiaibike. Yule mzee mrefu alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamchuruzika, anatafuna amefumba macho, na kidole gumba amekinyoosha juu. Nakwambia ukweli, dereva wenu asingepiga honi siku ile tungezikana.

3. Wageni wenu walisifia vitu.

Kwetu mgeni akisifia kitu chako unamwambia "chukua", naye anakataa, unasisitiza, anakataa, mpaka wote mnachoka na kitu kinabaki mahali pake. Hawa walichukua. Mtungi wangu wa achari umeondoka. Upepeo wangu wa majani umeondoka. Mama mmoja mwenye kofia ya ukili akakiona chombo cha bati pembeni, kina maua mekundu na mfuniko wake, akashika kifua kwa mapenzi. Nikamwambia chukua. Akakikumbatia mpaka kwenye basi kama mtoto mchanga. Binti Lei anasema atakitumia kupakulia supu siku ya harusi ya bintiye. Meneja, kile ni chombo alichokuwa akijisaidia usiku marehemu mama mkwe wangu. Nakuachia wewe uamue kama aambiwe.

4. Wageni wenu wanakumbatia.

Nimezaa watoto wawili na mume wangu hakuwahi kunikumbatia mlangoni watu wanaona. Siku ile nilikumbatiwa mara thelathini na mbili, na dereva akataka kupanga foleni. Nilimtazama tu, akaenda kuwasha gari.

5. Mmeniandika kwenye ratiba.

Jumanne ya pili mgeni mmoja alisahau karatasi yenu kwangu. Nikampelekea Mou wa duka la dawa anisomee, kwa kuwa maandishi yenyewe yana ukubwa wa sisimizi. Akasoma: saa tano, kupanda mnara. Saa tano na dakika arobaini, kukutana na wenyeji wakarimu, dakika kumi na tano. Saa sita kasoro dakika tano, choo. Mou akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Pu," akasema, "umewekwa kati ya mnara na choo, na choo kinafuata kwa sababu ya pilipili yako." Nani aliniuliza kama mimi ni mkarimu? Nilisaini wapi? Na tangu hapo kila Jumanne linakuja kundi jipya, linasimama mlangoni kwangu na kutabasamu, limeona picha zangu kwenye simu, na halijala tangu asubuhi.

6. Kichochoro kizima kimekuwa bubu.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku hizi hakuna mtu Kichochoro cha Mitungi anayethubutu kumkaribisha mwenzake. Watu wanakula wamegeukia ukuta. Jumanne ikifika saa tano milango yote inafungwa. Juzi nilimkuta Mou anakula uji, akaufunika kwa gazeti, akasema "habari za leo" kama karani wa benki.

Na Bibi Gou, Meneja! Jumanne ya tatu, kundi lilipoondoka, nilimwona amesimama mlangoni kwake ananitazama, nikamwita kama siku zote: "Dada Gou, umekula? Njoo tule!" Akanijibu: "Waite wenye kibendera, ndio watu wako." Akafunga mlango. Tangu siku hiyo kila mchana namwita. Namwita kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni. Namsikia anakohoa nyuma ya mlango, hajibu. Nadhani ni wivu, au labda wageni wenu waliegemea ukuta wake aliopaka chokaa. Sijui. Ninachojua ni kwamba tambi hazina ladha tena, na mtu wa umri wangu hapati jirani mwingine wa miaka thelathini na minne. Inaniuma, na sioni haya kukwambia.

Kwa hayo, naomba kampuni yako itekeleze yafuatayo:

(a) Kila mgeni, kabla hajatoka uwanja wa ndege, afundishwe kukataa chakula mara tatu, na apewe mtihani. Atakayefeli aonyeshwe mnara kwa mbali na arudishwe kwao.

(b) Binti Lei arudishe shahada yake, au afundishwe kutafsiri watu wanachomaanisha badala ya wanachosema.

(c) Pawekwe kibao mwanzo wa kichochoro, kwa lugha zote za dunia: UKIKARIBISHWA, PITA.

(d) Wewe mwenyewe uje umwombe radhi Bibi Gou. Akikupa chai, kataa. Akisisitiza, kataa. Akikaza mara ya tatu, onja kidogo uache.

Nikijibiwa ndani ya siku saba nitashukuru. Nisipojibiwa nitaketi mlangoni na kumkaribisha kila mpita njia nchini China, na gharama ya aibu hiyo iwe juu yako.

Nisalimie mkeo na wazazi wako kama wapo, binti Lei (hana kosa sana, ni kusoma tu), dereva na honi yake, yule mzee mrefu kama alipona, na mama mwenye kofia, ambaye namtakia bintiye harusi njema na supu isiyo moto sana.

Ni mimi niliyevumilia vya kutosha,

Pu Daizhen

N.B. Nimeitoa tena barua kwenye bahasha kabla ya kuifunga. Gundi ilikuwa imeniishia, na mwenye gundi hapa ni Bibi Gou, basi nikavuka na kugonga mlango. Nikamwambia ni barua ya kukushtaki wewe kwa ajili yake. Akaniambia nimpe aisome. Aliisoma yote amesimama karibu na jiko lake, ambalo lilikuwa baridi na mchana ulishapita. Alipofika pale pa "nimeshakula, dada, tumbo limejaa" akacheka, kisha akaanza kulia. Akasema: "Daizhen, tangu mzee wangu afariki sijaweza kujipikia chakula cha mtu mmoja. Siku nyingi nilikuwa sijala kitu. Nilikuwa nakataa mara ya kwanza kama inavyopasa, nasubiri uniambie mara ya pili. Hujawahi kuniambia mara ya pili. Wageni wale umewapikia mara tatu."

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, (a), (b), (c) na (d) zote zifute. Wageni usiwafundishe chochote, na kila Jumanne walete. Ningeandika zaidi lakini siwezi kukaa. Bibi Gou yuko mezani kwangu na bakuli lake limeshakuwa tupu.