Siku Dereva Alipoketi Kitini

Tulieni, enyi mlioketi na enyi mlioegemea ukuta, na mwenye sufuria jikoni aipunguzie moto, maana nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa Jumamosi saa nne asubuhi katika korido nyembamba ya nyumba yetu, ambamo mume wangu, Dereva, Simba wa Usukani, mshindi wa matope kwa miaka thelathini na mmoja, alitenda tendo ambalo hakuna aliyedhani angelitenda: aliketi kitini.

Msicheke. Mtu huyu alistaafu kazi, na miaka miwili baadaye miguu yake nayo ikastaafu, lakini katu hakukubali kubebwa na kiumbe. Mwaka jana maji yalipotuingilia bila hodi, mimi ndiye niliyemkokota mpaka juu ya meza, nikamshika kola tangu asubuhi hadi adhuhuri, maji yakinifika kiunoni, naye akiniambia nisimkunje shati. Hadi leo ukimuuliza atasema alipanda mwenyewe. Mikono yangu ndiyo inayojua, nayo haitaweza mara ya pili.

Ndipo mtaa ukaweka agano. Zahanati ikatoa Muuguzi, binti wa sauti laini na daftari gumu. Zimamoto wakatoa kamba na filimbi. Shule ikaufungua ukumbi wake wa ghorofani uwe ngome yetu siku ya mafuriko, na Seremala, jemedari wa misumari, akakipigilia kiti mipini miwili mirefu, ili asiyeweza kutembea abebwe kama sultani. Daftari likachorwa safu mbili: watakaobeba, na wa kubebwa.

Hapo jeshi letu likakwama. Safu ya kwanza ilijaa siku moja. Bibi wa chumba cha pili, asiyeona tangu wanawe wakiwa wadogo, alijiandikisha kubeba. Mzee wa Kikohozi alijiandikisha kubeba. Dereva alijiandikisha mara mbili, asije akasahauliwa. Safu ya pili ilikuwa nyeupe kama shuka la hospitali.

Basi Jumamosi hiyo Muuguzi, Seremala na jirani yetu Muuza Mkaa wakaja kwetu kufanya mazoezi.

"Babu," akasema Muuguzi, "tunaomba uwe wa kwanza. Wenzako wanakutazama wewe."

Dereva akanyoosha shingo, akahutubu. "Mwanangu, mimi nimebeba watu sitini na wawili kwa mkupuo, pamoja na mbuzi wao, nikavuka mto usio na daraja. Leo nibebwe na Muuza Mkaa? Hapana. Kabebeni wazee."

"Una miaka sabini na minane," nikamwambia.

"Ndiyo nasema, wazee."

Nusu karne ya ndoa imenifundisha kwamba gari hili halisukumwi. Hungojewa mpaka liwake lenyewe.

Kwa kukosa abiria, wakakalisha gunia la mkaa. Seremala akashika mbele, Muuza Mkaa akashika nyuma, wakaondoka kwa kishindo cha majeshi yaendayo kuteka miji. Walipofika kwenye kona ya pipa la maji, Seremala akakata kulia, Muuza Mkaa akakata kushoto, mpini ukagonga ukuta, gunia likaanguka kifudifudi na mkaa ukatapakaa sakafuni kama askari walioshindwa.

"Abiria amekufa," akasema Dereva kutoka mlangoni pa chumba chetu.

Wakamzoa abiria, wakarudia. Mara ya pili waligonga pipa. Mara ya tatu waligonga mlango wa Bibi asiyeona, naye akauliza kutoka ndani, kwa utulivu kabisa, kama maji yameshafika.

Mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Mguu wake wa kulia, ule usiosikia amri ya daktari, ulikuwa unatafuta breki.

"Fundi," akasema hatimaye, "kona unaikata mapema. Mwache wa nyuma apanuke kwanza."

"Mbona nimepanuka, Mzee," akajitetea Muuza Mkaa.

"Umepanuka tumbo. Mimi nasema mkia wa gari."

"Basi tuonyeshe."

"Niwaonyeshe nikiwa huku? Mmeona wapi mtu anaendesha gari amesimama nje yake?"

Nikakifuta kiti mkaa kwa upindo wa nguo yangu, polepole, kama mtu asiye na haraka wala hila.

"Usukani huu hapa," nikasema.

Simba wa Usukani akalitazama gunia. Akanitazama mimi. Kisha akaitazama mikono yangu, kwa muda mrefu kuliko alivyozoea.

"Mniweke vizuri," akasema. "Na asinikunje mtu shati."

Enyi vizazi vijavyo, akaketi. Wakamwinua, naye akaamuru: "Taratibu. Mkia kulia. Zaidi. Fundi, simama. Nimesema simama, sikusema utafakari. Haya, vuta sasa." Kiti kikaipita kona ile iliyoangusha majeshi matatu, wala hakikugusa ukuta hata kwa unywele, kikavuka uchochoro, kikapanda ngazi kumi na nane za shule, na kilipoingia ngomeni Dereva akapiga honi kwa mdomo.

Muuguzi, akihema, akafungua daftari. "Nikuandike, Babu?"

"Niandike. Ila weka: Dereva."

Akaandika hivyo, katika safu ileile nyeupe. Bibi asiyeona aliposikia, akasema kama gari lina dereva basi yeye ni kondakta, masikio anayo. Mzee wa Kikohozi akaomba kazi ya honi, maana ya mdomo haitoshi. Kabla ya adhuhuri safu ilikuwa na watu tisa, wote wenye vyeo.

Jioni mawingu yakajikusanya. Mwaka mzima, kila yalipojikusanya, nilikuwa naitazama ile meza na kupima nguvu zangu. Safari hii nilikuwa nakunja nguo.

"Kiti kiko wapi?" akauliza mume wangu.

"Nyuma ya mlango."

"Kimeelekea wapi?"

"Ukutani."

"Kigeuze kitazame nje. Gari haliegeshwi hivyo mvua ikija."

Nikakigeuza.