Motere ya Buleusa na Kigingi cha Baba

Jumatatu, 3 Agosti

Kuanzia Jumamosi, mtumbwi usio na motere, yaani injini, hautafungwa tena kwenye kivuko chetu cha Ziwa Ndalaga. Ametangaza hayo leo asubuhi Mama Anastasie, mwenyekiti wa komite ya kivuko, akiwa amesimama juu ya kreti ya bia. Kila motere itajaribiwa. Itamvusha yeye mwenyewe hadi ng'ambo na kumrudisha. Mwenye mtumbwi atakayeshindwa, kigingi chake kitapewa mwingine.

Mwingine ni Kasika. Mfanyabiashara wa Butembo. Ana duka, ana mitumbwi miwili ya motere, ana vigingi viwili. Anatamani cha tatu. Cha tatu ni changu! Alikipigilia marehemu baba, mahali penye kina kizuri kuliko pote, na mpaka leo watu wakielekezana wanasema "pale kwa Dusabimana". Kikienda kigingi, na jina limekwenda.

Kasika alinipa pole mbele ya watu wote. "Kaka, usihuzunike. Uko na miguu ya nguvu. Zunguka ziwa." Walicheka. Nimewaweka wote kichwani, kwa majina.

Hawajui kwamba nina motere.

Jumanne, 4 Agosti

Motere imetolewa kwenye banda. Niliipata Buleusa, kule Walikale, kwa kubadilishana na mbuzi. Aliyenipa aliapa kwamba iliwahi kuvusha watu Mto Lowa enzi za babu yake. Nilipoikuta ilikuwa kitulio cha kuku. Rangi yake ya asili haijulikani. Ya sasa ni ya kuku.

Ndani ya kabureta: kiota cha nyigu, na wenyewe walikuwa nyumbani. Jicho la kushoto limefunga. Bujie, ile plagi ya kutoa cheche, nimepewa na Tuyizere, dereva wa pikipiki, ambaye alikuwa anaitupa. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Ikakohoa! Moshi mweusi, kuku wote juu ya mti. Mke wangu Umugwaneza alitoka jikoni, akasikiliza, akasema inakohoa sawasawa na mjomba wake. Mjomba wake alifariki.

Tatizo ni moja tu. Elisi, ile feni ya chini inayosukuma maji, imebaki na jani moja kati ya matatu. Elisi mpya zinauzwa mahali pamoja: dukani kwa Kasika. Afadhali niogelee.

Nzabandora, fundi wa Bihambwe, huyeyusha alumini na kumimina sufuria. Anayeweza kumimina sufuria anaweza kumimina elisi. Alumini ninayo. Ni ile sufuria kubwa ambayo shangazi zake Umugwaneza walimpa siku ya ndoa. Maharage yanaweza kupikwa kwenye ndogo, kwa awamu.

Jumatano, 5 Agosti

Asubuhi nilikwenda kuchukua mfano wa elisi ya Kasika. Sikuomba ruhusa. Nililala chali matopeni nyuma ya mtumbwi wake, nikachora. Kazi safi. Kwenye karatasi nikatia alama ya mkaa, penye makali yanayotazama mtumbwi.

Kasika alinikuta. Nikamwambia nimeteleza. Alitazama karatasi, akatazama jicho langu, akacheka, kisha akanipa ushauri ambao sikuuomba. Kwenye mhimili wa elisi kuna pini ndogo. "Weka pini laini, kaka. Ile pini iko ya kuvunjika. Ukigonga kitu, pini inakufa, motere inapona."

Pini ya kuvunjika! Nimeuelewa mchezo wake. Anataka nivunjikiwe katikati ya ziwa, mbele ya mwenyekiti. Pini yangu nitaichonga kutoka kwenye tupa ya chuma kigumu. Haitavunjika hata ziwa likikauka.

Mchana nikapanda pikipiki ya Tuyizere hadi Bihambwe, sufuria mapajani. Nzabandora aliigeuza karatasi mara kadhaa. Akauliza, "Papa, ulichora ukiwa mbele ya elisi ao nyuma?" Nikamjibu kwamba kitu cha kuzunguka hakina mbele wala nyuma. Akasema sawa, mteja njo mwenye sufuria, yaani ndiye mwenye kuamua.

Alhamisi, 6 Agosti

Elisi imefika. Inang'aa! Kwenye jani moja bado linasomeka ua lililokuwa ubavuni mwa sufuria, kipande ambacho Nzabandora alikipachika bila kukiyeyusha. Kasika hana elisi yenye ua.

Umugwaneza ameuliza sufuria iko wapi. Nimesema iko kwa fundi. Ni kweli kabisa.

Jaribio lilihitaji maji, lakini si ya ziwani, kwa sababu ziwani kuna macho. Mama Béata, jirani yetu, hupika kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ana muvure, lile gogo refu lililochongwa kama mtumbwi la kukamulia ndizi. Leo lilikuwa limejaa ndizi mbivu na majani ya kukamulia, kazi ya kukanyagwa kwa miguu tangu asubuhi hadi jioni. Nilimweleza kwamba motere yangu itaimaliza kabla hajafunga kitenge chake vizuri. Akasita. Akasema ile ndizi si ya mchezo, iko komande, oda ya Mama Anastasie, kwa karamu ya komite. Nikamwambia hata komite itashangaa.

Nikaifunga motere kwenye kichwa cha muvure, elisi ndani ya ndizi. Nikavuta kamba.

Ripoti. Kwa hesabu zangu, juisi ilipaswa kwenda upande wa pili, mbali na motere. Ilikuja kwangu. Yote! Ndizi, majani, maganda, hadi kwenye paa. Mama Béata alipata sehemu yake. Kilichobaki ndani ya muvure kinanuka esansi, petroli ya motere. Kisha wakaja nyuki. Jicho la kulia nalo limefunga.

Mama Béata alisema maneno mengi. Haya ndiyo yanayoandikika: "Wewe Dusabimana, hata mbuzi iko na aibu! Wageni wa Mama Anastasie nitawapa nini? Maji ya ziwa?" Atanishtaki kwa komite.

Lakini nguvu imeonekana. Kuhusu upande ambao juisi ilienda, sioni sababu ya kuchunguza. Juisi si maji.

Ijumaa, 7 Agosti

Sioni, kwa maana halisi. Nimefunga pini kwa kupapasa. Imeingia kwa nyundo. Maharage ya awamu ya kwanza yameiva, ya awamu ya pili bado. Umugwaneza ameuliza tena.

Jumamosi, 8 Agosti

Kivuko kimejaa. Jicho moja limefunguka, linatosha.

Mama Anastasie aliingia mtumbwini na kiti chake, kitenge kipya, akaketi mbele akitazama kijiji. Hapa wote tunaegesha pua ya mtumbwi kwenye udongo, kwa hiyo kila anayeondoka hupiga kasia kinyumenyume, ajitoe, kisha ageuke ndipo awashe. Hata Kasika. Mimi nikafungua kamba ya kigingi, nikaiacha inaelea, nikawasha papo hapo.

Mtumbwi ukatoka kinyumenyume peke yake! Kama mshale! Watu wakapiga makofi. Nilimwona Kasika akifunga mdomo.

Nikasubiri ugeuke. Haukugeuka. Tukavuka ziwa zima matako mbele, maji yakiingia kwa nyuma, ambako sasa ndiko mbele. Nikayachota kwa kofia. Tukafika ng'ambo. Hapo Mama Anastasie akauliza kwa upole, "Papa Dusabimana, sisi tunaenda ao tunarudi?" Nikamwambia nimemwekea safari namna hii ili asikipe kijiji mgongo. Akasema njo vile, ndivyo, anakiona vizuri, kimekuwa kidogo sana.

Nikaugeuza mtumbwi kwa kasia, na kurudi ikawa hivyo hivyo. Kijiji kikatokea mgongoni kwake, na elisi ndiyo iliyotangulia kufika. Ikaikuta kamba ya kigingi ikielea. Ikaikamata. Ikaanza kuizungusha.

Kasika, ufukweni, alipiga kelele: "Zima, kaka! Zimaaa!" Sipokei amri za mshindani. Isitoshe, kitufe cha kuzimia kilikuwa kimenata kwa juisi. Kamba ikavutwa, mtumbwi ukajivuta wenyewe hadi kwenye kigingi, motere ikanguruma. Pini laini ingevunjika hapo. Yangu haikuvunjika. Kigingi cha baba, kilichosimama tangu kabla sijazaliwa, kikang'oka na tope lake, kikapanda hewani, kikalala mapajani kwa mwenyekiti. Ndipo gia za motere zikasagika, sauti ya mtu anayetafuna changarawe.

Kivuko kizima kikalia kwa kicheko. Kasika aliketi chini. Alilia machozi.

Mama Anastasie alishuka na kigingi mkononi, kitenge kikichuruzika tope. Uamuzi wake: sheria inasema kuvuka na kurudi, haisemi kwa upande gani. Dusabimana amevuka. Nafasi ni yake. Lakini nafasi ni kigingi, na kigingi anakishika yeye, mpaka komite ikae iamue kitapigiliwa wapi. Kasika amependekeza juu mlimani, kwa mbuzi, mbali na maji.

Umugwaneza aliikaribia motere. Akainama. Akaliona ua.

Jumapili, 9 Agosti

Misa. Umugwaneza alikaa benchi lingine, pamoja na shangazi zake.

Nimefikiri. Kosa si la elisi. Elisi inavuta vizuri sana. Kosa ni kwamba iko peke yake. Nyingine ikiwekwa puani, moja ivute, moja isukume, hakuna atakayejua mbele ni wapi, na sheria haisemi. Gia zitapata fundi, pini nitaiongezea unene. Motere ya pili ipo, nimesikia: kule Buleusa, hii ilikotoka, kuku bado wameikalia.

Kesho saa mbili, komite: kigingi, kisha shitaka la Mama Béata. Jumanne, Bihambwe kwa Nzabandora. Sufuria ndogo iko tayari ndani ya gunia. Umugwaneza atajulishwa Jumatano.