Mapazia ya Maji ya Nyumba ya Serikali

Na itangazwe kwa wote wanaotaka kujua namna Serikali ilivyojipatia ubaridi, kwamba mimi Mabel, mama yake Yeremia, nilikuwa Mnyunyizaji Mkuu wa Madirisha katika nyumba ya Bwana D.C., kituo chetu cha ukingoni, mwendo wa nusu siku kutoka Newala, kuanzia Novemba mwaka wa hamsini na moja. Cheo nilikipata kwa sababu nilisoma hadi darasa la nne misheni kule Masasi, na kipimajoto kina namba.

Nyumba ile ilianza na joto. Bwana wa kwanza alikuja na ramani ya kwao, na ramani ilikuwa na jiko la kuotea moto ndani ya ukuta wa sebule, basi likajengwa. Ramani ilisema bomba la moshi litazame kusini, likatazama kusini, ambako ndiko upepo wa bondeni unakopandia. Moshi ulikuwa ukitoka kidogo, unakutana na upepo, unarudi ndani. Mabwana wanne walikohoa mle kwa zamu, kila mmoja akimkabidhi mwenzake nyumba pamoja na kikohozi.

Wa tano hakuogopa baridi, aliogopa joto. Alikuwa ametumikia Bara Hindi, akaamuru kila dirisha, yote kumi na moja, litundikwe pazia nene la nyasi, limwagiwe maji ili upepo uingie umepoa. Karani Cuthbert akatusomea amri barazani, sisi wanawake tumekaa chini, miguu tumenyoosha.

"Debe la kwanza la kila nyumba, kila asubuhi, ni la madirisha. Mapazia yasikauke mpaka amri hii ifutwe kwa barua ya makao makuu ya jimbo. Maji ambayo mapazia hayakuyanywa ni mali ya aliyeyabeba, kwa kuwa Serikali haidhulumu."

Asiyeijua nchi yetu ya juu ataona ni jambo dogo. Huku hakuna kisima wala kijito. Maji yako bondeni. Unashuka mteremko majogoo wanawika, unapanda na debe kichwani juu ya kata ya khanga kuukuu, unafika jua limeshachoma. Ukitaka debe la pili, unashuka tena.

Jirani yangu Mwanaheri, mke wa Muharami, alikuwa na mimba. Nikamwombea ruhusa.

"Bwana, huyu atajifungulia kwenye mteremko."

"Mama Yeremia," Bwana akasema kwa upole, "pazia nalo lina haki yake. Andikeni barua."

Tukaandika. Barua ikaenda, ikakaa huko. Mwanaheri akabeba mpaka tumbo likakataa, kisha tukambebea kwa zamu debe la madirisha. La kwake likapatikana siku ambayo mtu ana nguvu za kushuka mara ya pili. Mwisho wa Mei akajifungua mtoto wa kike. Asubuhi ile kipimajoto cha sebuleni kilisoma sabini na mbili za Farenhaiti, mafanikio makubwa. Mtoto aliogeshwa kwa kikombe kimoja.

Juni ikaingia. Upepo ukapanda mteremko na ukungu wake, baridi ya kukunja vidole. Nikayagusa mapazia: yanachuruzika yenyewe. Nikanyunyiza kikombe kimoja, kwa heshima ya amri, nikatangaza kwamba mapazia yameshiba. Madebe thelathini na saba yakarudi kwa wenyewe. La kwanza lilikwenda kwa Mwanaheri.

Kipimajoto kikasoma hamsini na tatu. Bwana akatoka na makoti mawili na blanketi.

"Yaondoeni."

"Bwana," Cuthbert akasema, "pazia likiondolewa litakauka. Likikauka, amri imevunjwa. Mpaka barua."

"Amri niliiandika mimi."

"Ndiyo, Bwana. Tena uliiandika vizuri sana."

Siku hiyohiyo Bwana akaandika kuomba amri ifutwe, akaambatanisha namba zangu zote za kipimajoto. Halafu akawasha jiko la ukutani. Moshi ukatoka, ukarudi, ukakuta madirisha yamezibwa na nyasi mbichi, ukakaa. Bwana akatoka macho mekundu, akaangaza huku na huku, akaona jiko la Mwanaheri linafuka moshi unaojua njia. Akapiga hodi.

"Karibu, Bwana," Mwanaheri akasema, mtoto yuko kifuani. "Maji yako wapi?"

"Maji gani?"

Nikamfafanulia kwamba huku kwetu anayekuja kuota moto wa mzazi haji mikono mitupu, huja na debe.

"Hata mimi?"

"Mtoto naye ana haki yake," Mwanaheri akasema. "Au uandike barua."

Kesho yake majogoo wanawika, Bwana D.C. alishuka mteremko na debe, na kata aliyoisokota kwa kitambaa cha meza. Tulimpisha, maana ni mkubwa. Bibi Fatu, mkongwe wetu wa njia ya maji, akawa nyuma yake.

"Kaza shingo, mwanangu. Miguu inaijua njia."

Siku ya kwanza alifika na nusu. Wiki ya tatu alikuwa hamwagi sana.

Katikati ya Julai majibu yakaja. Cuthbert akamfuata mteremkoni kumsomea, kwa kuwa mikono ya Bwana ilikuwa imeshika debe. Makao makuu yalisema hakuna nyumba nyingine jimboni iliyowahi kufikia hamsini na tatu. Bwana anapongezwa, na amri iendelee mwaka hadi mwaka. Kuhusu ombi la mama mjamzito, linashughulikiwa.

Bwana akakaza shingo. Akapanda mpaka mlangoni kwa Mwanaheri, akatua.

Mwanaheri akachungulia ndani ya debe.

"Limepungua," akasema.

Bwana akaliinua, akageuka kurudi bondeni.