Goti la Kulia na Mguu wa Masila

Alhamisi, 1 Januari 2026
Mwaka mpya, goti la zamani. Mjukuu wangu Rumaisa, miaka mitatu, amepiga simu ya picha kutoka Mombasa. Kauliza kama babu bado anasali juu ya kiti. Zamani nikisujudu alikuwa ananiparamia mgongoni, nami nangoja mpaka ashuke. Mwezi wa nane alinikuta kitini. Alikizunguka mara mbili akitafuta mgongo, akakosa, akaenda zake. Sijasahau. Anakuja tarehe kumi. Atanikuta chini, inshallah.

Ijumaa, 2 Januari
Kilimani, kwa Janice, mtaalamu wa viungo. Umri wa binti yangu. Nilitaraji sindano, au angalau dawa chungu ya kuheshimika. Kasema: mzee, tembea dakika ishirini baada ya chakula cha jioni, dukani inuka kila nusu saa, na asubuhi na jioni keti usimame mara kumi bila kushika popote. Basi! Nikamwuliza wanaoumwa kweli huwapa nini. Kasema hayo hayo.

Mke wangu, Kijakazi, kaiwekea simu yangu kitu cha kuhesabu hatua. Atakagua kila jioni. Chini ya elfu sita, sambusa nitanusa tu.

Jumatatu, 5 Januari
Hatua za jana: mia nane na tisa. Nimenusa.

Lakini leo! Masila, fundi wangu wa cherehani, hukaa barazani mwa duka akishona sare za shule. Mguu wake haupumziki tangu asubuhi. Nimeutazama mguu ule kama mtu aliyeona kisima. Nikamfunga simu kifundoni kwa mpira wa sketi. Kauliza, na wakipiga, mzee? Nikamwambia apokee, aseme niko mazoezini.

Kufika saa kumi: elfu kumi na moja. Mimi nilikuwa nimekaa.

Jumatano, 7 Januari
Kijakazi amefurahi mpaka nimeona haya. Kanikanda goti kwa mafuta ya habasoda, eti hata mwendo wangu umebadilika. Sambusa tano. Goti limevimba kidogo.

Adhuhuri msikitini, kiti cha Abdulfatah kitupu. Huyu ni jirani yangu wa duka la viatu, kanizidi miaka mitatu, na sisi wawili ndio wazee wa safu ya viti. Nikaogopa yamemfika. Kumbe yuko mbele, paji la uso mkekani! Nikamwuliza dawa gani. Kasema hutembea tu pale uwanja wa Jamhuri kila jioni, tangu Oktoba, na kwamba alinialika, nikamjibu kuna baridi. Nikasema mashallah. Kwa mdomo.

Ile safu ina upweke ukibaki peke yako.

Jumamosi, 10 Januari
Rumaisa na mama yake wamefika. Nimetoka dukani mapema, simu nimemwachia Masila ajaze hesabu. Alasiri nikatandika mswala sebuleni, Rumaisa akitazama. Kwenda chini, goti lililia kama mlango wa stoo. Lakini nilifika. Kisha vidole vidogo shingoni, kisha yeye mzima. Ningeweza kubaki pale hadi Ramadhani.

Ikabidi nibaki kweli. Alishuka, mimi sikuinuka. Rumaisa akaita, "Bibi, babu amelala!" Kijakazi na binti yangu wakanipandisha kwa makwapa mpaka kwenye kochi.

Kijakazi akashangaa mtu wa hatua elfu kumi na moja anainuliwaje kama gunia. Akataka kumwonyesha binti yetu hizo hatua. Nikasema simu sijui nimeiweka wapi humu ndani. Akaipigia tuisikie inalia wapi. Ikapokewa. Sauti ya Masila, na mlio wa cherehani nyuma yake: "Mzee yuko mazoezini."

Nilikuwa mbele ya Kijakazi, mguu juu ya mto.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema mimi amenizoea, lakini goti ndilo nililolidanganya, na goti halisomi simu. Nalala na maneno hayo. Kweli tupu.

Jumatatu, 12 Januari
Rumaisa kaondoka na treni ya asubuhi. Kauliza kama Idi nitakuwa chini tena, na kama safari ile nitaamka mwenyewe. Nimeahidi. Sikuahidi kwa mdomo tu. Wiki kumi zatosha kabisa, Janice amesema, nikianza leo.

Nimeanza. Nimeketi na kusimama bila kushika, mara moja. Faida nimeihisi hapo hapo. Ila goti lililochoka halifai kuharakishwa. Kutembea ni kesho, au Jumatano.

Kijakazi atakagua jioni. Masila ana sare hamsini zimebaki. Safari hii atakanyaga hadi elfu sita na mia mbili tu, nisionekane nimezidisha.

Na simu nimeizima sauti.