Honda ya Silinda Nne ku Gare ya Kolwezi

Jumatatu, 29 Machi 1993

Leo ilikuwa zamu yetu. Vijana ba jirani, bale mi nilibafundisha kupanda kinga, baiskeli, balisimama ku mulango wakasema Bakasai barudi kwabo. Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa hapa Kolwezi. Kasai sijaiona hata ku foto. Bibi yangu Ndaya, mama ya batoto yangu, alifunga masufuria, mablanketi na unga. Mi nilifunga pikipiki.

Si pikipiki ya bure. Ni Honda CB 750, ile Bajapani balitoa mwaka 1969. Silinda nne, zimepangwa musitari moja. Sentimita za ujazo 736. Nguvu ya farasi 67. Vitesi tano, zile gia. Freni ya disiki mbele, bomba nne za moshi nyuma. Inaweza kufika kilometa mia mbili kwa saa. Kwangu haijapita hata mita moja, sababu karburateri zake nne za kuingiza mafuta hazipo, tangu Muzungu mumoja aliniachia akikimbia vita ya 1978. Alikimbia na sanduku moja tu. Mujinga.

Ndaya aliuliza kama batoto batakula bomba za moshi.  Mambo ya mekaniki haelewi.

Jumatano, 31 Machi

Tuko ku gare, tunangoja treni ya Mwene-Ditu, kule Kasai. Batu ni wengi, hata pa kuweka muguu hakuna. Pembeni yetu amelala Ngeleka, fundi wa kushona. Amekuja na mashini yake ya kushona, na kila mutu anamusifu: Tata Ngeleka ana akili, mashini yake italisha batoto. Mi nilimwambia mashini yake haina hata nguvu ya farasi moja. Alicheka, akashona suruali yangu iliyopasuka. Bure. Simupendi.

Mukubwa wa gare alisema pikipiki hapana, kila mutu apande na bitu ya mikononi tu. Sawa. Niliifungua yote. Bomba nne nilipatia bamama bane, kila mumoja akafunga yake ndani ya mukeka. Magurudumu nilipatia mwalimu mumoja. Tanki, mama wa mapacha. Niliwaambia tutaonana Mwene-Ditu.

Treni ilikuja saa kumi, bila kutangazwa. Bale bote banabeba bitu yangu balipanda. Siye tulikosa nafasi, sababu nilikuwa nafunga injini, na Ngeleka alibaki kutungojea.

Pikipiki yangu imetangulia Kasai. Nimebaki na injini, kilo makumi nane.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua. Mama Mianda, mama mukwe wangu, anakohoa mpaka anashindwa kusema. Masista bametangaza: bagonjwa bana behewa yenye paa, mugonjwa mumoja kwa kila familia, na bale banamuchunga. Ndaya alilia kwa furaha. Mi nilifikiri haraka. Mama Mianda bado anaweza kukaa. Injini haiwezi kukaa.

Ndaya alipoenda kutafuta maji, nilivisha injini kikwembe, kitenge cha mama mukwe, nikailaza ku machela. Nilimwambia sista kwamba huyu njo mugonjwa wetu, asimuamushe.

Sista alimugusa. Baridi. Alimugusa tena. Akapiga alama ya musalaba. Mafuta meusi yalianza kutoka chini ya kikwembe, na mama mumoja akapiga kelele kwamba marehemu anatoka damu mbaya. Kilio kikaanza. Katekista akaja na maji ya baraka. Ngeleka alileta kitambaa cheupe cha sanda, akanikumbatia, akalia kunishinda mi mwenyewe. Nilitaka kusema. Lakini balikuwa banaimba vizuri.

Katekista aliomba kuona uso wa mama kwa mara ya mwisho. Alifunua. Akakuta mabuji nne za kuwasha injini.

Sista alifuta jina la familia yetu ku orodha ya bagonjwa. Mama Mianda alikuwa nyuma yangu, ameona yote. Alikohoa tu.

Jumapili, 4 Aprili

Hakuna mutu anasema na mi. Ndaya alienda kwa sista, akapiga magoti ndani ya matope. Bamerudisha nafasi: Mama Mianda, Ndaya na batoto. Mi hapana. Ngeleka ameniwekea nafasi pembeni yake ndani ya behewa la wazi, na hapo injini haitoshi.

Ndaya aliniambia nichague. Nilimwomba anipe muda ya kufikiri. Aliniangalia mpaka nikaona haya.

Jumanne, 6 Aprili

Balienda asubuhi. Ngeleka alimubeba mama mukwe ku mugongo mpaka ndani ya behewa. Halafu akapanda lake, akaninyoshea mukono. Niliushika. Mukono yangu ya pili ilikuwa na kamba, na kamba ilikuwa na injini. Treni ikaanza kutembea. Nikaachilia Ngeleka. Binti yangu Abigaëlle aliita tata, tata, mpaka sikumusikia tena. Nilikaa juu ya injini, nikalia sana. Sijawahi kulia vile.

Muchana Yassini, mwenye lori, alinihurumia. Alisema kesho anaenda Kamina, treni itasimama kule siku mingi, nitabakuta bote. Hataki malipo. Shida ni moja tu: lori limejaa, kuna nafasi ya mutu bila injini.

Nilimushukuru. Nafasi yangu nikapatia kijana mumoja, naye akanipa karburateri yake. Ni ya mobileti, ile pikipiki ya pedali, ndogo kidogo, lakini nikiipiga nyundo itaingia.

Zinabaki tatu.